Mwendo wa Somo na Mkono wa Mwanagenzi

Stadi, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni uwezo wa kutenda jambo kwa usahihi na kwa wepesi, unaopatikana kwa mazoezi na kuthibitika katika utendaji wenyewe, ukiwa tofauti na maarifa ambayo mtu anaweza kuyaeleza vizuri kwa maneno bila ya kuweza kuyatenda. Mtu anaweza kueleza barabara jinsi cherehani kinavyokutanisha uzi wa juu na uzi wa bobini, na hata hivyo akashindwa kushona mstari mmoja ulionyooka. Na fundi aliyeshona kanzu maisha yake yote huenda akashindwa kueleza kile ambacho vidole vyake hukifanya kila siku bila kukosea. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya suala la mwendo wa somo, yaani kasi ambayo kwayo mwalimu humtoa mwanafunzi katika hatua moja na kumpeleka katika nyingine, liwe gumu zaidi katika kufundisha stadi kuliko katika kufundisha habari. Mwalimu anayeuliza kama somo limeeleweka, akaitikiwa na darasa zima kwa sauti moja, bado hajajua lolote kuhusu kile ambacho mikono ya wanafunzi hao itaweza kukifanya kesho.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwendo wa somo la stadi hupangwa sawasawa pale tu unapofuata kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya peke yake baada ya mapumziko, wala si kile anachokifanya mwishoni mwa kipindi mkono ukiwa bado umepata moto, wala si kile ambacho ratiba inadai kiwe kimekwisha ifikapo Ijumaa. Hoja hii inaonekana nyepesi mpaka pale inapojaribiwa, kwa sababu inakwenda kinyume na matakwa ya watu watatu kwa pamoja: mwanafunzi apendaye kuona ameshasonga mbele, mwalimu apendaye kuona amemaliza mada, na taasisi inayotoa vyeti kwa tarehe. Mfano utakaofuatwa kwa sehemu kubwa ni ule wa ufundi cherehani, kwa kuwa ni stadi inayofundishwa vibarazani, vyuoni na majumbani karibu kila mji wa Afrika Mashariki, na kwa kuwa makosa yake huonekana kwa macho na yanaweza kupimwa kwa futi kamba.

Mwanagenzi anayeketi kwa mara ya kwanza mbele ya cherehani cha kukanyaga hukabiliwa na mambo mengi kwa mpigo. Miguu yake inatakiwa isukume kanyagio kwa kupokezana nguvu kati ya kisigino na vidole, ili gurudumu lizunguke kuelekea kwake na lisirudi nyuma. Mkono wa kulia unatakiwa ulianzishe gurudumu hilo kisha urejee upesi kwenye kitambaa. Mkono wa kushoto unatakiwa ukiongoze kitambaa bila ya kukivuta. Na macho yanatakiwa yatazame ukingo wa mshono, ingawa kinachomtisha ni sindano. Gurudumu likirudi nyuma kidogo tu, uzi hujisokota chini ya kitambaa au hukatika, na mwanagenzi hupoteza dakika kadhaa akiuchomoa na kuutunga upya, dakika ambazo hazimfundishi kushona bali humfundisha kukiogopa cherehani.

Fundi anayejua kufundisha haanzii hapo. Huondoa uzi wote, huacha umeinuliwa ule mguu mdogo wa chuma unaobana kitambaa, na kumwacha mwanagenzi akanyage tu, aanze na kusimama, aanze tena na kusimama, mpaka miguu izoee kulianzisha gurudumu upande unaotakiwa bila ya kufikiriwa. Kisha huja karatasi iliyopigwa mistari, mara nyingi ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule, ambayo hushonwa bila uzi, na matundu yanayobaki juu yake ni ushahidi usioweza kufumuliwa: palipo na mkengeuko huonekana, na mwanagenzi huuona mwenyewe kabla ya kuambiwa. Baada ya mistari iliyonyooka hufuata ya mviringo, kisha kona, ambapo sindano huachwa imezama, mguu wa chuma ukainuliwa, karatasi ikageuzwa, na mguu ukashushwa tena. Uzi huingia baadaye, na kitambaa cha kwanza huwa cha pamba kilicho kigumu kidogo, kwa kuwa satini na vitambaa vingine vitelezavyo humwadhibu mwanafunzi kwa makosa ambayo bado hana uwezo wa kuyazuia.

Sababu ya utaratibu huo kufaa inaeleweka zaidi ukitazamwa kwa jicho la saikolojia. Kumbukumbu tendaji, yaani ile sehemu ya akili inayoshikilia mambo yanayoshughulikiwa kwa wakati uleule, ina nafasi finyu mno: George Miller, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1956, aliikadiria kuwa na nafasi ya vitu 7 hivi, na Nelson Cowan, katika tathmini yake ya mwaka 2001, aliishusha mpaka karibu vitu 4. Mwanagenzi mgeni ambaye miguu, mikono, macho na uzi vyote vinamdai uangalifu ameshaijaza nafasi hiyo kabla mwalimu hajafungua kinywa, na neno la ziada la mwalimu, hata liwe la busara namna gani, halina pa kukaa. Miguu inapozoea, huacha kuchukua nafasi, na ndipo jambo jipya linapoweza kuingia. Kwa hiyo swali la lini hatua inayofuata ianze ni swali la kama hatua iliyotangulia imeacha kudai uangalifu, na jaribio lake ni rahisi: mwanagenzi aulizwe jambo la kawaida, kama habari za nyumbani, huku akikanyaga. Ikiwa gurudumu linasita anapojibu, bado hajafika.

Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu chao cha mwaka 1967, waliugawa ujifunzaji wa stadi katika awamu tatu ambazo hadi leo hutajwa katika mafunzo ya walimu wa michezo na ufundi. Awamu ya kwanza ni ya utambuzi, ambayo mwanafunzi hutafuta kuelewa anachotakiwa kufanya na hujiongoza kwa maneno ya kimoyomoyo. Ya pili ni ya uunganishaji, ambayo vitendo vilivyokuwa vipande hushikamana na makosa hupungua. Na ya tatu ni ya kujiendesha, ambayo kitendo hutoka chenyewe huku akili ikiwa huru kushughulikia jambo jingine. Kinachosahaulika na wengi wanaoitaja ni kwamba kila awamu ina mwendo wake: ya kwanza hudai vipindi vifupi na maelezo machache, ya pili hudai marudio mengi kuliko mwalimu anavyodhani, na ya tatu hudai changamoto mpya kabla uchovu wa mazoea haujageuka uzembe. Ratiba inayogawa majuma sawa kwa kila mada huenda ikafuatana na awamu mojawapo kwa bahati, lakini haiwezi kufuatana na zote tatu.

Mpangilio wa hatua nao ni sehemu ya mwendo, kwa sababu hatua iliyowekwa mahali pasipostahili huchelewesha zote zinazoifuata. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, pamoja na wanagenzi wao, na akaona kwamba mafunzo hayakufuata mfuatano wa utengenezaji wa nguo. Nguo hutengenezwa kwa kukata kwanza, kisha kushona, kisha kumalizia. Mwanagenzi alianza na umaliziaji, yaani vifungo, pindo na pasi, akaja kushona, na kukata kukawa mwisho. Vilevile alianza na kofia na nguo za ndani za watoto, akapanda hadi nguo rasmi. Aliyezoea mantiki ya mtaala ulioandikwa ofisini anaweza kuuona utaratibu huo kuwa wa kinyumenyume, lakini una hekima mbili. Kwanza, kosa la kumalizia hurekebishika kwa kufumua nyuzi chache, ilhali kosa la mkasi huangamiza kitambaa cha mteja. Na pili, anayetia vifungo kwa miezi kadhaa kwenye nguo zilizoshonwa na mwingine anakuwa ameshika mamia ya nguo zilizokamilika, ameona mkono unavyoungana na bega na kola inavyokaa shingoni, kiasi kwamba siku anayopewa mkasi anajua anakata nini na kwa nini. Vibaraza vingi vya mafundi nchini Tanzania na Kenya hufuata utaratibu wa namna hiyo bila ya kuusoma popote.

Hadi hapa limezungumziwa suala la nini kifuate nini. Suala zito zaidi, na ambalo walimu wengi hulikosea kwa nia njema, ni la muda: mazoezi yawe marefu kiasi gani, na yaachane kwa kiasi gani. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885, baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, kwamba kusahau huwa kwa kasi kubwa mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hudumu kuliko marudio yaleyale yaliyolundikwa pamoja. Utawanyaji wa mazoezi, kama unavyoitwa, ulithibitishwa baadaye katika stadi za mikono, na mfano unaofaa kukaliwa kwa kituo ni ule wa Alan Baddeley na D. J. A. Longman wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1978.

Idara ya Posta ya Uingereza ilikuwa ikiingiza mashine za kuchambulia barua zilizohitaji msimbo wa posta upigwe kwa vidole, na hivyo wafanyakazi wengi wa posta walipaswa kufundishwa kupiga taipu. Watafiti waliwagawa wanafunzi hao katika makundi manne: wa kwanza walifanya mazoezi kwa kipindi kimoja cha saa moja kwa siku, wa pili vipindi viwili vya saa moja, wa tatu kipindi kimoja cha saa mbili, na wa nne vipindi viwili vya saa mbili. Kundi la saa moja kwa siku liliimudu baobonye katika muda wa mazoezi wa karibu saa 35, ilhali kundi la saa nne kwa siku lilihitaji karibu saa 50. Kwa hesabu ya saa, saa moja kwa siku ilikuwa na faida kubwa. Lakini hesabu ya siku inasema jambo jingine: saa 35 kwa saa moja kila siku ni siku 35 za kazi, yaani majuma 7, na saa 50 kwa saa nne kila siku ni siku 12 au 13 tu. Mwajiri aliyetaka watu kazini mwezi huo alikuwa na sababu ya kuchagua njia iliyopoteza saa, na jambo hilo halipaswi kufichwa na wale wanaouhubiri utawanyaji kana kwamba hauna gharama.

Matokeo yaliyo muhimu zaidi kwa mada hii, hata hivyo, ni ya hisia za wanafunzi wenyewe. Watafiti walipowauliza kuhusu mafunzo yao, walioridhika kidogo kuliko wote walikuwa wale wa saa moja kwa siku, kundi lililokuwa likijifunza vizuri zaidi kwa kila saa, kwa sababu walijiona wanabaki nyuma ya wenzao. Inafuata kwamba mwanafunzi si shahidi wa kutegemewa kuhusu mwendo unaomfaa. Hii haina maana kwamba asisikilizwe; ina maana kwamba malalamiko yake ya kucheleweshwa, na furaha yake ya kukimbizwa, ni habari kuhusu hisia zake na si kipimo cha mkono wake. Mwalimu anayepanga mwendo kwa kutazama nyuso anaweza kupendwa sana na kufundisha kidogo.

Udanganyifu huo una mizizi yake katika tofauti kati ya utendaji wa papo hapo na ujifunzaji. Utendaji ni kile kinachoonekana wakati wa mazoezi. Ujifunzaji ni mabadiliko yanayobaki baada ya mazoezi kukoma. Viwili hivyo hutengana mara nyingi, na huweza hata kwenda pande zilizo kinyume. John Shea na Robyn Morgan, mwaka 1979, waliwafundisha watu miendo mitatu ya mkono ya kuangusha vizuizi vidogo vya mbao kwa mfuatano maalumu. Baadhi yao walimaliza mwendo wa kwanza kabla ya kuingia wa pili, na wengine walichanganyiwa yote mitatu bila ya mpangilio. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walikuwa wazito, lakini walipojaribiwa baada ya dakika 10 na tena baada ya siku 10, walikumbuka vizuri kuliko waliotenganishiwa. Kwa mwanagenzi wa cherehani, tafsiri yake ni kwamba baada ya kuijua misingi ya kutia zipu, kutengeneza tundu la kifungo na kupiga pindo, ni afadhali asizishone zipu ishirini mfululizo ili zipu ya ishirini ipendeze, bali abadilishiwe kazi, kila mara alazimike kukumbuka upya jambo linaanzaje. Zipu zake zitakuwa mbaya zaidi jioni hiyo, na nzuri zaidi mwezi ujao. Kwa mgeni asiyejua hata misingi, kumchanganyia mambo ni kumrundikia tu, na ndiyo maana kanuni hii haiwezi kutumika siku ya kwanza.

Msaada wa mwalimu hufuata njia hiyohiyo. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, katika makala ya mwaka 1976, waliuita msaada unaotolewa na kuondolewa kwa kadiri ya mahitaji kwa jina la jukwaa, kama lile la waashi wanaolisimamisha ili ukuta upande na kulivunja ukuta unaposimama. Lakini majukwaa mengi ya darasani hayavunjwi, kwa kuwa mwalimu anayesimama begani mwa mwanagenzi akimwambia "kulia kidogo, polepole, sasa geuza" hupata mshono mzuri siku hiyo na mwanafunzi anayegeuza kichwa kumtafuta siku asipokuwepo. Majaribio ya Carolee Winstein na Richard Schmidt, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalionyesha kwamba mrejesho, yaani taarifa anayopewa mwanafunzi kuhusu usahihi wa kitendo chake, unapotolewa kwa sehemu tu ya majaribio na kupunguzwa hatua kwa hatua, huzaa kumbukumbu bora kuliko unapotolewa kila mara. Mwalimu stadi hujifunza kunyamaza, na ukimya huo ni mgumu kuliko maelezo, hasa mzazi anapokuwa mlangoni akitazama.

Ipo pia hali inayowasumbua walimu wapya, nayo ni ile ya mwanafunzi kusimama. William Lowe Bryan na Noble Harter, waliowachunguza wapiga simu za maandishi nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1897 na 1899, walieleza tambarare, yaani kipindi ambacho uwezo wa kupokea ujumbe haukupanda kwa majuma kadhaa licha ya mazoezi, kisha ukapanda ghafla. Walikieleza kipindi hicho kuwa ni muda ambao herufi moja moja zinaungana kuwa maneno, na maneno kuwa mafungu. Watafiti wa baadaye hawakuiona tambarare hiyo kwa kila mwanafunzi, na haifai kuifanya kisingizio cha kila mkwamo. Lakini inatosha kumwonya mwalimu asimhukumu kwa haraka aliyesimama. Mkwamo huweza kutokana na vipande vinavyoungana, au na kosa lililozoeleka, kama vile kuvuta kitambaa kwa mkono wa nyuma, ambalo marudio zaidi yatalikaza tu. Hali ya kwanza hudai subira na ya pili hudai kurudishwa nyuma hatua mbili, na hakuna njia ya kuzitofautisha isipokuwa kuketi na kuutazama mkono.

Inafaa kusemwa kwa ufupi kwamba kuufuata mwendo wa mwanafunzi si sawa na kumpangia fungu la wanaojifunza kwa macho, kwa masikio au kwa mwili, kama semina nyingi za walimu zinavyofundisha. Harold Pashler na wenzake walipopitia ushahidi mwaka 2008 hawakupata msingi wa kutosha wa kugawa wanafunzi kwa mitindo hiyo. Wanafunzi hutofautiana zaidi katika yale wanayoyajua tayari na katika muda wanaouhitaji, na John Carroll, katika makala yake ya mwaka 1963, alipendekeza kipaji chenyewe kitazamwe kuwa ni muda ambao mtu anauhitaji ili kulimudu jambo. Benjamin Bloom alilichukua wazo hilo mwaka 1968 na kulijenga kuwa ujifunzaji wa umahiri, utaratibu ambao kiwango cha kufikiwa ni kimoja kwa wote, na kinachobadilika ni muda na msaada.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kwenda mbali ili kuuona utaratibu huo ukifanya kazi, kwa sababu chuo cha Qurani kimeufuata kwa karne nyingi. Katika chumba kimoja au barazani, mtoto mmoja yumo katika alifu, mwingine anaunganisha herufi na irabu, wa tatu yumo katika Juzuu Amma na wa nne anakaribia kuhitimu; kila mmoja ana darasa lake, yaani kipande chake cha siku, na hapewi kipya mpaka amesoma cha jana mbele ya mwalimu bila ya kuteleza. Jaribio hufanywa baada ya usiku mmoja kupita, jambo ambalo majaribio ya kumbukumbu yaliyotajwa hapo juu yanaliunga mkono, na wakubwa huwasikiliza wadogo, hivyo mwalimu mmoja anaweza kuhudumia wengi bila ya kuwaburuta kwa mwendo mmoja. Kilichouharibu mpango huo mzuri mahali pengi ni bakora. Mtoto anayepigwa kwa kuteleza hujifunza kuficha mtelezo, kwa kunong'onezewa na jirani au kwa kuikariri sauti bila ya kuzitazama herufi, na mwalimu aliyefichwa makosa amepoteza kitu pekee ambacho kingemwonyesha mwendo.

Mafunzo rasmi ya ufundi yamekubali kanuni hii katika maandishi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huendesha mafunzo yanayozingatia umahiri, na Kenya nayo ina mfumo wa aina hiyo katika vyuo vyake vya kiufundi. Katika mifumo hiyo mwanafunzi hupimwa kwa kutenda, na ujuzi uliopatikana kibarazani nje ya chuo unaweza kutambuliwa na kupewa cheti. Kinachobaki vilevile ni muhula. Mwanafunzi aliyeimudu sketi kabla ya wenzake huketi akiwasubiri, na ambaye hajaimudu husogezwa kwenye shati kwa kuwa mada ya shati imefika, na vyerehani vichache vinavyogombaniwa na wengi hufanya hata mwalimu mwenye nia asiwe na nafasi ya kumrudisha mtu nyuma. Suluhisho lililo karibu si kuongeza siku. Ni kuvigawa vipindi: kundi moja likikata na kupima kwa karatasi za ruwaza huku jingine likiwa mashineni, na waliotangulia wakipewa wajibu wa kuwasikiliza waliochelewa, kama wakubwa wa chuoni, na kila asubuhi ya Jumatatu ianze kwa kila mwanafunzi kushona kipande alichofundishwa juma lililopita, bila ya kuonyeshwa tena, kabla ya jambo jipya kutamkwa. Kipande hicho, kikiandikwa tarehe kwa chaki na kutunzwa, humweleza mwalimu mengi kuliko alama za mtihani.

Haifai, hata hivyo, utetezi wa mwendo wa mwanafunzi ugeuke utetezi wa polepole. Methali ya haraka haraka isiyo na baraka imewahi kutumiwa kumweka mwanagenzi miaka miwili akifagia vipande vya kitambaa, akitumwa chai na kushona vifungo ambavyo alishavimudu katika mwezi wa pili, kwa sababu mkono wake wa bure una faida kwa mwenye kibaraza. Kumchelewesha aliyefika ni kosa lilelile la kumkimbiza asiyefika, na pengine ni baya zaidi, kwa kuwa anayekimbizwa huonekana kuwa anateseka ilhali anayecheleweshwa huambiwa afanye subira. Slava Kalyuga na wenzake, mwaka 2003, walikusanya ushahidi kwamba maelezo yanayomsaidia mgeni humzuia aliyekwishaendelea, kwa sababu humlazimisha kupitia tena hatua ambazo akili yake imeshaziunganisha.

Mwishowe suala la mwendo hugusa fedha, na wataalamu wa ufundishaji hulikwepa mno. Fundi anayelipwa ada kwa mwezi ana sababu ya kuchelewesha; anayelipwa kwa kozi nzima mwanzoni ana sababu ya kuharakisha au kupuuza; na chuo kinacholipwa kwa idadi ya wahitimu wa mwaka kina sababu ya kuwahitimisha. Katika vyuo vingi vya Qurani vya pwani mwalimu alikuwa akipewa kitu mtoto anapofika kituo fulani cha usomaji na anapohitimu, mpango uliofungamanisha malipo na hatua iliyofikiwa badala ya siku zilizopita. Mpango kama huo unawezekana kibarazani: sehemu ya ada itolewe mwanagenzi anaposhona mistari iliyonyooka na kona bila ya kusimamiwa, sehemu anapokamilisha sketi au suruali ya mtoto, na iliyobaki anapokata na kushona gauni kwa vipimo alivyovichukua mwenyewe, kila hatua ikijaribiwa siku kadhaa baada ya somo lake la mwisho na mbele ya fundi wa kibaraza kingine asiye na maslahi katika ada hiyo. Mpango huo humwacha nje yule ambaye familia yake inaweza kumgharimia nauli na chakula kwa miezi minne tu, na ambaye mkono wake unahitaji sita. Kwa mtu huyo, anayehitaji kuanza kupata riziki kabla hajafika mwisho, mpangilio wa mafundi wa Monrovia ndio unaosaidia zaidi, kwa kuwa anayejua kumalizia vizuri, hata asipojua kukata, anaweza kulipwa kwa kila pindo na kila kifungo huku akiendelea kujifunza.